UZI: PID inatoka wapi? Jinsi Unix inavyogawa namba za michakato, na kwa nini namba hiyo pekee haitoshi

#1 · fundi_mitambo (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kwenye uzi mmoja humu kuhusu uendeshaji wa seva, mdau alishauri hivi: ukitaka kujua kama programu yako bado inafanya kazi, iandike PID yake (namba ambayo mfumo unaupa kila mchakato, yaani kila programu inayoendeshwa) kwenye faili, halafu baadaye uangalie kama namba hiyo ipo. Ushauri huu umezagaa. Uko kwenye skripti za maofisini, uko kwenye mafunzo ya mtandaoni, na una tundu ambalo siku moja litakugharimu. Nimeona nifungue uzi mzima badala ya kujibu kwa mstari mmoja, maana tundu lenyewe halieleweki mpaka ujue namba hizi anagawa nani, anagawaje, na zinarudi lini kugawiwa tena.

Fungua terminali kwenye Linux yoyote ambayo haina shughuli nyingi, ujaribu:

```
$ sh -c 'echo $$'
4711
$ sh -c 'echo $$'
4712
$ sh -c 'echo $$'
4713
```

Kila ukiita `sh` mpya, mchakato uliopo unajinakili kwa wito wa `fork`, na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inampa mtoto, yaani nakala mpya, namba yake. Mzazi anarudishiwa namba ya mtoto. Mtoto anarudishiwa sifuri, ndivyo kila mmoja anavyojijua yeye ni nani. Ugawaji wenyewe hauna hesabu ngumu. Kerneli inakumbuka namba ya mwisho iliyotoa, inaongeza moja, inaangalia kama ina mtu. Ikiwa na mtu, inasogea mbele mpaka ipate iliyo wazi.

Utaratibu huu ni wa kale. Kwenye Unix toleo la sita la Bell Labs, mwaka 1975, uliokuwa unaendeshwa kwenye kompyuta ya PDP-11, kazi yote ilikuwa ndani ya `newproc`, na mwanzo wake ni huu:

```
retry:
    mpid++;
    if(mpid < 0) {
        mpid = 0;
        goto retry;
    }
```

Tazama hiyo `mpid < 0`. Namba kamili kwenye PDP-11 ilikuwa ya biti 16 yenye alama, kwa hiyo ukiongeza moja juu ya 32,767 inageuka kuwa hasi. Waliandika kodi inayosubiri kugeuka huko ndipo irudi mwanzo. Baada ya hapo kodi inapita jedwali zima la michakato, na ikikuta mtu mwenye namba hiyo inarudi `retry`.

Kuna jambo hapa nalipenda sana. Jedwali la michakato la toleo hilo lilikuwa na nafasi 50 tu. Wangeweza kabisa kutumia nafasi kwenye jedwali kama namba ya mchakato, 0 hadi 49, mambo yakaisha. Hawakufanya hivyo. Walichagua namba zaidi ya elfu thelathini kwa michakato isiyozidi hamsini, na matokeo yake ni kwamba namba ikiachwa leo haichukuliwi na mwingine papo hapo. Lazima mzunguko mzima uishe kwanza. Umbali huo kati ya kuachwa na kuchukuliwa tena ndio kinga pekee tuliyopewa, na mpaka leo wengi tunaitegemea bila kujua.

Toleo la saba, 1979, lilikata mzunguko kwenye 30,000. Solaris nayo ukomo wake wa kawaida ni huo huo, 30,000.

Linux ilichukua wazo la mzunguko, ikabadilisha namna ya kuhifadhi. Kwa miaka mingi ilitumia ramani ya biti: ukurasa mmoja wa kumbukumbu wenye baiti 4,096 una biti 32,768, kila biti ikisimama kwa namba moja, na ukomo wa kawaida wa Linux ulikuwa 32,768, yaani unaenea ukurasa mmoja barabara. Kuanzia kerneli 4.15, mwanzoni mwa 2018, ramani hiyo ikaondolewa na badala yake ukawekwa muundo wa mti unaoitwa IDR. Tabia haikubadilika: bado inagawa kuanzia ilipoishia kwenda mbele.

Ukomo wa mashine yako unausoma hapa:

```
$ cat /proc/sys/kernel/pid_max
4194304
```

Ukiona 32768, mfumo wako ni wa zamani kidogo au wa biti 32. Kwenye biti 64 kerneli inakubali mpaka 4,194,304, na systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) toleo 243 la Septemba 2019 ndiyo iliyoanza kuupandisha ukomo huo hadi juu kabisa bila mtu kuomba.

Sasa tuone mzunguko ukirudi. Hili lifanye kwenye mashine pepe ya majaribio, si kwenye seva ya watu:

```
# sysctl -w kernel.pid_max=2000
# while :; do sh -c 'echo $$'; done
...
1998
1999
304
305
309
```

Namba ya mwisho ni 1999, maana ukomo wenyewe hautolewi. Na haikurudi kwenye 1 wala 2. Ndani ya kodi ya Linux kuna thamani inaitwa `RESERVED_PIDS`, nayo ni 300: duru ya kwanza inaanza 1, duru zote zinazofuata zinaanza 300. FreeBSD na macOS hurudi kwenye 100. Maelezo yaliyo kwenye kodi ya FreeBSD yanataja sababu: namba za chini hushikwa na huduma zilizowashwa mwanzo kabisa na ambazo hazifi, kwa hiyo kuzipekua kila duru ni kupoteza muda. Kwenye matokeo ya hapo juu 300 hadi 303 na 306 hadi 308 zilikuwa tayari zina watu, ndiyo maana zimerukwa.

Piga hesabu sasa. Seva inayozaa michakato 100 kwa sekunde (skripti zinazoita `grep`, `awk` na `curl` ndani ya kitanzi zinafika hapo bila shida) inamaliza mzunguko wa 32,768 kwa chini ya dakika sita. Kwa ukomo wa 4,194,304 inachukua karibu saa kumi na mbili. Kwa hiyo PID uliyoiandika kwenye faili asubuhi, jioni inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, hata kwenye mfumo wa kisasa.

Ni kama laini ya simu iliyolala: kampuni inaichukua namba, inaiuza upya, na anayepokea simu yako si yule uliyemhifadhi.

Namba inaachwa lini hasa? Watu wengi hapa wanakosea. Mchakato ukifa, namba haiachwi. Unabaki zombi: kumbukumbu yake imerudishwa, faili zake zimefungwa, lakini mstari wake kwenye jedwali upo pamoja na namba yake, ukisubiri mzazi aite `wait` achukue taarifa ya kifo. Mzazi akishaita ndipo namba inaachwa. Zaidi ya hapo, namba ambayo bado inatumika kama jina la kikundi cha michakato au kikao haitolewi hata kama mwenye namba alishazikwa. POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, inalitaka hilo waziwazi kwa vikundi.

Kutokana na sheria hiyo tunapata uhakika mmoja ambao ni imara kabisa: mzazi ambaye hajaita `wait` anaweza kuiamini PID ya mtoto wake. Mtoto awe hai au zombi, namba ni yake. Mtu mwingine yeyote anayeshika PID, awe skripti, awe cron (inayowasha kazi kwa ratiba), awe wewe mwenyewe kwenye terminali, ameshika namba ambayo inaweza kubadilisha mwenyewe muda wowote.

Karibuni kwa maswali.

---

#2 · kijana_wa_termux

Mkuu, shukrani sana. Nimejaribu hilo la kwanza kwenye laptopu ya mshikaji lakini namba hazifuatani kama zako. Napata 9120, halafu 9131, halafu 9132, halafu 9150. Sijafungua kitu katikati. Nani anazichukua?

---

#3 · fundi_mitambo

> Nani anazichukua?

Thredi, mdogo wangu, yaani nyuzi za kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja. Kwenye Linux kila thredi ndani ya programu inachukua namba kutoka fungu lile lile. Unachokiona kama PID ya kivinjari ni namba ya thredi yake ya kwanza tu. Nyingine zote zina namba zao ila `ps` ya kawaida haizionyeshi. Andika `ps -eLf` uangalie safu ya LWP, utazikuta. Kama kivinjari kiko wazi kwenye laptopu hiyo, kinafungua na kufunga thredi muda wote, hata ukiwa umekaa tu.

Jambo hili lina madhara yake. Programu kubwa ya Java yenye thredi mia kadhaa inakula namba mia kadhaa. Ukiwa na nakala zake nyingi kwenye seva yenye ukomo wa 32,768, unaweza kuzimaliza huku kumbukumbu na prosesa bado zina nafasi tele, na ujumbe unaoupata haukwambii kwamba namba ndizo zimekwisha:

```
bash: fork: retry: Resource temporarily unavailable
```

Ujumbe huo huo unautoa pia ukigonga ukomo wa `ulimit -u` au wa `pids.max` kwenye cgroup (kundi la michakato lililowekewa mipaka). Kwa hiyo ukiuona angalia vyote vitatu kabla hujakimbilia kuongeza RAM.

---

#4 · mama_seva

Mleta uzi, Mungu akubariki. Naomba nichangie kisa, nisitaje ofisi.

Kulikuwa na skripti ya bekapu inayoitwa na cron kila usiku. Ikianza inaandika PID yake kwenye faili ndani ya folda ya data. Ikikuta faili lipo, inafanya `kill -0` kwa namba iliyomo (haiui, inauliza tu kama namba hiyo ina mwenyewe). Kama mchakato upo, inajua bekapu ya jana haijaisha, inajiondoa kimya kimya. Usiku mmoja umeme ukakatika katikati ya bekapu na UPS haikuhimili. Seva ilipowaka, faili lilikuwa pale pale na namba ndani, tuseme 842. Na 842 sasa ilikuwa ya huduma mojawapo inayowaka na mfumo na haizimwi mpaka seva izimwe.

Kila usiku skripti iliangalia 842, ikaikuta hai, ikaondoka. Haikuandika kosa popote. Watu waligundua siku walipohitaji kurudisha data, wakakuta bekapu ya mwisho ni ya kabla ya umeme kukatika. Iliumiza watu wengi, na mpaka leo nikiona `kill -0` kwenye skripti ya mtu moyo unashtuka.

Swali langu: hivi ni bahati mbaya tu kwamba namba iliangukia mtu hai, au kuna sababu?

---

#5 · fundi_mitambo

> ni bahati mbaya tu?

Pole sana dada. Bahati mbaya ipo kidogo tu. Sehemu kubwa ni kwamba seva ikiwaka, hesabu inaanza upya kutoka 1, na huduma zinawashwa kwa mpangilio ambao haubadiliki sana kati ya kuwaka kumoja na kwingine. Namba za chini zinaishia kwa watu wale wale au majirani zao. Kwa hiyo PID ndogo iliyobaki kwenye faili baada ya umeme kukatika ina uwezekano mkubwa wa kukutana na mtu hai.

PostgreSQL wamelishughulikia hili kwa makini ambayo kila mwandishi wa huduma angefaa kuyasoma. Wao huweka faili la `postmaster.pid` ndani ya folda ya data, kwa hiyo linabaki hata mashine ikizimika. Wakati wa kuwaka, programu inasoma namba iliyomo na kujiuliza kama mwenyewe yu hai. Lakini kwanza inaangalia: namba hii ni yangu mwenyewe? Ni ya mzazi wangu? Ni ya babu yangu? Ikiwa yoyote kati ya hizo, faili linahesabiwa kuwa masalia, maana haiwezekani mzazi wangu awe ndiye seva ya zamani ya hifadhidata. Walifika kwenye kodi hiyo kwa sababu namba baada ya kuwaka hukaribiana mno na zile za mwanzo, kiasi kwamba programu inaweza kujikuta yenyewe kwenye faili lake la zamani.

Kwa skripti ya bekapu, dada, PID haihitajiki kabisa. Tumia `flock`:

```
exec 9>/var/lock/bekapu.lock
flock -n 9 || { echo "bekapu nyingine inaendelea" >&2; exit 1; }
```

Kufuli hili halikai kwenye maandishi ya faili, linakaa kwenye kerneli, limefungwa kwa faili lililo wazi namba 9. Mchakato ukifa kwa namna yoyote, hata kwa `kill -9`, kerneli inafunga faili zake na kufuli linafunguka. Umeme ukikatika, seva ikiwaka hakuna kufuli. Faili lenyewe likibaki pale halina madhara, halimaanishi chochote. Kitu kimoja cha kuchunga: mtoto unayemwacha nyuma anarithi faili namba 9 na kufuli lake, kwa hiyo ukiwasha kitu cha kuendelea baadaye mfungie kwa `9>&-`.

Na ule ujumbe wa kosa usiuondoe. Skripti iliyokataa kufanya kazi inapaswa kusema.

---

#6 · mpwani_wa_bsd

Ndugu mleta uzi, mada nzuri, ila niweke sawa kitu kimoja. Umeandika kama vile kufuatana ni sheria ya Unix. POSIX inadai namba isiwe ya mchakato mwingine ulio hai au kikundi kilichopo. Haisemi popote kwamba namba ziongezeke moja moja.

OpenBSD hutoa namba kwa bahati nasibu miaka mingi sasa. Ukiandika `sh -c 'echo $$'` mara tatu unapata kitu kama 61307, 18844, 90215, isipokuwa init, mchakato wa kwanza kabisa, ambaye ni 1 siku zote. Kwa kuwa bahati nasibu ingeweza kuirudisha namba sekunde hiyo hiyo iliyoachwa, kerneli yao ina orodha fupi ya namba zilizotoka kutumika karibuni, na inazikwepa. FreeBSD ni ya kufuatana, ila ukitaka unageuza kwa `kern.randompid`; ukomo wao ni 99,999. Na AIX ukiiangalia namba zake hazifuati mstari wowote, kwa sababu ndani ya namba kuna nafasi ya mchakato kwenye jedwali.

Kwa hiyo mtu asije akaandika skripti inayosema "mwenye PID kubwa ndiye aliyezaliwa baadaye". Hata kwenye Linux inavunjika mzunguko ukirudi. Ukitaka kujua nani alitangulia, soma wakati wa kuanza: kwenye Linux ni safu ya 22 ya `/proc/PID/stat`, au `ps -o lstart`.

---

#7 · fundi_mitambo

Asante sana ndugu, umenikamilishia. Hiyo safu ya 22 watu waishike: PID pamoja na wakati wa kuanza ni utambulisho bora zaidi kuliko PID peke yake.

---

#8 · mwanafunzi_wa_usalama

Habari zenu wakubwa zangu. OpenBSD walifanya bahati nasibu kwa ajili ya usalama? Mtu akijua PID yangu ijayo atanifanya nini?

---

#9 · mpwani_wa_bsd

Mwanangu, mfano wa kawaida ni faili za muda. Skripti ya `root` inaandika kwenye `/tmp/ripoti.$$`. Mtu mwenye akaunti ya kawaida kwenye seva hiyo anaona namba ziko 5200, anatengeneza viungo vya faili (symlink) kutoka `/tmp/ripoti.5201` mpaka `/tmp/ripoti.9000`, vyote vikielekeza `/etc/passwd`. Skripti ikiwaka, `root` anaandika juu ya `/etc/passwd` kwa mkono wake mwenyewe. Linux za leo zina `fs.protected_symlinks` inayozuia hili kwenye folda kama `/tmp`, lakini dawa halisi ni `mktemp`, inayokutengenezea faili la muda lenye jina lisilokisiwa; usiibuni namba mwenyewe.

---

#10 · fundi_mitambo

Niongeze hapo, maana visa viwili vikubwa vya PID na usalama havihusu faili za muda. Vinahusu watu kuichukulia PID kama siri.

Mwaka 1995 Ian Goldberg na David Wagner, wakiwa wanafunzi Berkeley, walichunguza kivinjari cha Netscape kinavyotengeneza funguo za SSL (usimbaji wa mawasiliano ya wavuti). Walikuta mbegu ya bahati nasibu yake inatokana na saa, PID, na PID ya mzazi. Saa unaweza kuikadiria kwa karibu. PID mtu mwenye akaunti kwenye mashine hiyo anaisoma kwa `ps`. Usimbaji wote uliobaki juu yake ukawa hauna maana.

Cha pili kilitokea Debian. Mwaka 2006 mistari miwili ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji, iliondolewa kwenye kifurushi chao kwa sababu vifaa vya kukagua kumbukumbu vilikuwa vinailalamikia. Mmoja kati ya hiyo ndiyo ulikuwa unaingiza karibu bahati nasibu yote. Kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kikawa ni PID ya mchakato uliotengeneza ufunguo. Rudi kwenye post namba 1: ukomo ulikuwa 32,768. Maana yake, kwa aina moja ya mashine na urefu mmoja wa ufunguo, duniani kote kulikuwa na funguo 32,767 tu zinazowezekana. Yeyote angeweza kuzitengeneza zote akazihifadhi. Luciano Bello ndiye aliyegundua, tangazo likatoka tarehe 13 Mei 2008, na Ubuntu pamoja na mifumo mingine iliyotokana na Debian nayo ilikuwa imeathirika. Ilibidi watu wabadilishe funguo za SSH na vyeti vyote vilivyotengenezwa kwenye mifumo hiyo kwa karibu miaka miwili.

Mimi nasimama hapa: bahati nasibu ya OpenBSD inasaidia kidogo, naiheshimu, lakini hata namba za nasibu zisizofika laki moja mtu anazijaribu zote ndani ya muda mfupi. Na PID haijifichi. Iko kwenye `ps`, iko kwenye kumbukumbu za matukio za kila huduma. Ukiitegemea kama siri, kosa liko kwenye kuitegemea, vyovyote inavyogawiwa.

---

#11 · mama_seva

Na konteina je, yaani programu zilizotengwa kila moja na mazingira yake ndani ya seva moja? Kwangu kila konteina nikiingia nakuta programu yetu ni PID 1. Zinawezaje kuwa 1 zote kwenye seva moja?

---

#12 · fundi_mitambo

Dada, kila moja ina daftari lake la namba. Linux ilipata uwezo huo kwenye kerneli 2.6.24, Januari 2008. Mchakato ulio ndani ya konteina una namba mbili au zaidi kwa wakati mmoja: moja kwa kila ngazi, kuanzia konteina yake kupanda mpaka kwenye seva yenyewe. Ukiwa nje unaziona zote mbili:

```
$ grep NSpid /proc/48213/status
NSpid:	48213	1
```

Kwenye seva ni 48213, kwa walio ndani ni 1. Mtoto akizaliwa, kerneli inampa namba kwenye kila ngazi, kila ngazi na mzunguko wake.

Kuwa 1 kuna mzigo. Mchakato 1 akifa, kerneli inawaua wote waliobaki kwenye konteina hiyo. Watoto waliofiwa na wazazi wao humo ndani wanaletwa kwake, na asipoita `wait` wanarundikana kama zombi, kila mmoja na namba yake mkononi. Tena ishara kama SIGTERM (ombi la kuzima) ikitumwa kutoka ndani au kwa `docker stop` haimfanyi chochote kama programu haikuandikwa kuishughulikia; hapo `docker stop` huishia kusubiri sekunde 10 kisha inaua kwa nguvu. Programu nyingi za kawaida hazikuandikwa kubeba majukumu hayo, kwa hiyo tumia `docker run --init`, awepo init mdogo wa kuzikusanya zombi na kupitisha ishara.

Na faili la PID ndani ya konteina ni hatari zaidi ya lile la seva yako ya bekapu. Programu iliandika 1, konteina ikaanguka, ikawashwa upya na folda ile ile ya data. Inasoma faili: 1. Yuko hai? Ndiyo, ni yeye mwenyewe. Inakataa kuwaka.

---

#13 · kijana_wa_termux

Mkuu swali la mwisho. Nimeelewa kwamba kati ya kusoma PID na kutuma `kill`, mwenye namba anaweza kubadilika. Sasa mtu anaua vipi mchakato kwa usalama? Mimi naandika Python. Halafu kwenye simu, Termux (terminali ya Android) inanionyesha michakato yangu tu, mbona?

---

#14 · fundi_mitambo

Nianze na simu. Android ni Linux, kwa hiyo namba zinagawiwa na kerneli ile ile. Ila tangu Android 7 folda ya `/proc` imewekwa chaguo la `hidepid=2`: mtumiaji mmoja haoni michakato ya mwingine, na kwenye Android kila programu ni mtumiaji wake. Michakato mingine ipo, imefichwa tu. Ndiyo maana namba zako mwenyewe zinaruka sana.

Kuhusu kuua. Kwenye bash, ukiwa umewasha kitu kwa `&`, tumia `kill %1` badala ya kuhifadhi `$!` na kuitumia baadaye. Bash huwazika watoto wake yenyewe nyuma ya pazia, kwa hiyo `$!` inaweza kuwa imeshaachwa. Kwa `%1` bash inajua kama kazi hiyo imekwisha, na ikiwa imekwisha inakukatalia.

Kwa Linux kwa ujumla, suluhisho ni pidfd, lililoingia kwa hatua mwaka 2019: kerneli 5.1 ilileta `pidfd_send_signal`, 5.2 ikaruhusu kupata pidfd pale pale mtoto anapozaliwa, 5.3 ikaleta `pidfd_open`. Badala ya namba unashika faili lililo wazi linaloelekea mchakato wenyewe. Mchakato ukifa na namba ikapewa mwingine, pidfd yako haihamii kwa huyo mpya. Ukituma ishara unapata kosa la ESRCH (mchakato huo haupo), hakuna aliyeumia. Na unaweza kuiweka kwenye `poll` ikakuamsha mchakato unapokufa.

Kwenye Python zipo tangu 3.9:

```
import os, signal, subprocess

p = subprocess.Popen(["sleep", "600"])
fd = os.pidfd_open(p.pid)
signal.pidfd_send_signal(fd, signal.SIGTERM)
p.wait()
os.close(fd)
```

Hapa `pidfd_open` iko salama kwa sababu wewe ni mzazi na hujaita `wait` bado. Ukitoa PID kwenye faili au kwenye `ps` na kuifungulia pidfd, dirisha la hatari linabaki, dogo lakini lipo: mwenye namba anaweza kubadilika kabla hujafungua. Hapo fungua pidfd kwanza, kisha soma wakati wa kuanza kwenye `/proc/PID/stat` ulinganishe na ule uliouhifadhi, ndipo utume ishara. Ukifuata mpangilio huo, hata namba ikibadilisha mwenyewe katikati, ama wakati wa kuanza hautalingana, ama pidfd itakujibu ESRCH.